Shangazi Nijibu: Kichwa kizuri, breki hamna

Jamani mwezi huu simu yangu imejaa maswali ya kichwa, na sio kichwa cha kuuma, ni hiki cha kufikiria. Nahisi ni kwa vile toleo lililopita nilisema juu juu tu kwamba akili na kujizuia ni vitu viwili tofauti, basi watu wakaamka. Nimechagua matano. Yale ya wanaotaka dawa ya kumpa mtoto awe wa kwanza darasani nimeyaacha, dawa hiyo sina, na yule anayekuuzia pale stendi naye hana.

*Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miaka 16, yuko fomu tatu, darasani ni kipanga, hesabu anawafundisha wenzake mpaka mwalimu akitoka anamwachia chaki. Nyumbani sasa, majanga. Ukimtuma chumvi na kiberiti anarudi na kiberiti tu, homuweki anaanza saa tano usiku, akishika simu aangalie kitu dakika mbili anakuja kushtushwa na adhana ya alfajiri. Baba yake anasema ni kiburi, mtu mwenye akili hawezi kushindwa kuzima simu. Mimi nimechoka kusuluhisha. Hivi mtoto anaweza kuwa na akili halafu hana akili? – Mama Kipanga, Mbagala Kizuiani*

Marahaba mama. Nimecheka kwanza, mwenye mtoto asiyejizuia anaishi Kizuiani, haya bwana.

Mwambie baba yake siku moja apande daladala ya Tandika saa moja asubuhi, akae karibu na mlango, amwangalie konda. Asiangalie injini, injini ndo hiyo akili anayoisema yeye, na dogo injini anayo tena ya nguvu. Amwangalie konda. Noti za buku kazikunja katikati ya vidole, mlango kaushika kwa mkono mmoja, na kichwani anajua dada wa dirishani anamdai mia nne, kaka mwenye begi bado hajalipa, yule denti nauli yake nyingine, yaani ana vitu sita kichwani na kazi inaendelea. Abiria anamtukana, ulimi unamwasha kwelikweli, anaubana, anasema tu "sogea nyuma mzee wangu tupate nafasi". Wanafika mbele barabara imefungwa, hapo hapo yeye na dereva wanachepuka uchochoroni, mpango wa mwanzo wameshautupa. Kushika vitu kichwani, kujizuia, kubadilisha gia. Wataalamu wa ubongo hizo tatu wanaziita kazi za utendaji, jina la kiofisi kabisa, mimi nitaziita ukonda.

Ukonda huu unategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, na sehemu hii ndo inachelewa kuliko zote kukomaa, inaendelea kujijenga mpaka mtu ana miaka ishirini na kitu, karibu 25. Huku nyuma sehemu za tamaa na raha zenyewe kwenye ujana ziko moto. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 ni gari lenye injini mpya, mafuta tele, na konda yuko kwenye mafunzo. Sio kiburi.

Na kama mzee bado anabisha kwamba mwenye akili lazima ajiweze, msomee hii. Marekani kulikuwa na mhasibu mmoja, kwenye vitabu vya madaktari wanamwita EVR tu kumficha jina, alitolewa uvimbe kwenye ubongo wa mbele akiwa na miaka 35. Akapona. Habari zake zilichapishwa 1985 na watafiti wawili wa ubongo, Eslinger na Damasio. Walimpima akili wakakuta iko juu, sio wastani, juu, anawapita karibu watu wote. Lakini maisha yake yalisambaratika, kaingia biashara na mtu ambaye kila mmoja alimwonya asiingie naye, kafilisika, ndoa imevunjika, kaoa tena nayo ikavunjika, na kuchagua tu pa kwenda kula jioni kulikuwa kunamchukua masaa, anachambua menyu, anachambua viti vilivyopangwa, na mwisho hajaamua. Akili zote zile na hajui aende wapi kula! Baadaye mwaka 2006 watafiti walipima vijana wakaona katika zile tatu, kushika vitu kichwani ndo kunakwenda pamoja na kipimo cha akili, ila kujizuia na kubadilisha gia vinahusiana nacho kidogo sana. Sasa mwanao anashangaza nini.

Cha kufanya. Simu isilale chumbani kwake, ilale kwako ikichajiwa, saa tatu usiku imeshahama, na usimfanye aombwe kila siku, iwe ni utaratibu wa nyumba na baba naye ya kwake aihamishe (hapa najua nitapigwa mawe). Maana kukesha kwenyewe kunauchosha sana ule ubongo wa mbele, kwa hiyo anayekesha leo kesho anajizuia vibaya zaidi, anakesha tena. Ukimtuma vitu viwili mwandikie kwenye kikaratasi, usione aibu, hata mimi naandika. Ila kama usahaulifu na kutotulia kulianza tangu mdogo, kabla ya miaka 12, na kuko nyumbani na shuleni kote, mpeleke aonwe na daktari wa akili wa watoto, kuna hali ya upungufu wa umakini (ADHD) inayojulikana na ina matibabu. Usimpeleke kama mgonjwa wa kiburi.

*Dada habari za kazi. Kuna video nimeiona ya watoto na pipi, anayeweza kusubiri asile ndo atafanikiwa maishani. Nikawajaribu wa kwangu, mmoja ana miaka 9 mwingine 4. Niliweka kalimati moja moja kwenye kisahani nikasema nikirudi nikute haijaliwa naongeza mbili. Mkubwa alisubiri. Mdogo hata mlango sijafunga, kalimati haipo, shira mpaka kidevuni. Nimekosa raha tangu siku hiyo, hasa kwa vile wiki iliyopita tu niliwaahidi Coco Beach ikashindikana nikaona huyu mdogo alinuna sana, ana hasira. Nimfanyeje abadilike mapema? – Baba Wawili, Tabata*

Nzuri kaka. Tuanze na hesabu ndogo, umempima wa miaka 9 na wa miaka 4 kwa kipimo kimoja halafu ukashangaa wa 9 kashinda. Ungewapimanisha na urefu pia.

Jaribio hilo ni la mwanasaikolojia Walter Mischel, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na watoto wa chekechea ya chuo hapo hapo. Miaka ilivyokwenda akawafuatilia, akaona waliosubiri walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya baadaye, na dunia nzima ikashika hapo. Tatizo wale wengi walikuwa watoto wa walimu na wasomi wa chuo kimoja. Mwaka 2018 wengine wakarudia na watoto zaidi ya 900 wa familia za kila aina, uhusiano ukapungua nusu, na walipoingiza hesabuni hali ya nyumbani, elimu ya mama, kipato, na uwezo wa mtoto mwenyewe wakati ule, ukabaki mdogo kweli. Kwa hiyo kidevu chenye shira sio hukumu.

Ila kuna jingine ndo nataka ulisikilize, soma tena barua yako kaka, ule mstari wa Coco Beach umeupitisha kama sio kitu. Mwaka 2013 kule Rochester, Marekani, watafiti walifanya hivi: kabla ya jaribio la pipi, mtu mzima anamwambia mtoto subiri nikuletee rangi nzuri za kuchorea kuliko hizi. Kundi moja kweli wakaletewa. Kundi la pili mtu mzima akarudi mikono mitupu, samahani hazipo. Ndo pipi ikaja. Walioletewa rangi walisubiri kwa wastani kama dakika 12. Waliodanganywa, kama dakika 3. Watoto walikuwa 28 tu, wachache, lakini tofauti ni kubwa mno. Mtoto anayejua ahadi za mtu fulani hazitimii, kula kalimati iliyopo mezani ni akili, sio kukosa akili! Mdogo wako huenda hana tatizo la kujizuia, ana kumbukumbu ya Jumamosi iliyopita.

Halafu tusiwe watu wa kuona kila kipimo cha mzungu kinatushinda. Watoto wa miaka 4 wa Wanso, wakulima wa Kameruni, walipewa jaribio hilo hilo, chambo chao kilikuwa puff-puff, ambayo ukiiona utasema ni kalimati isiyo na shira. Karibu 70 kati ya kila 100 walisubiri mpaka mwisho, wa Ujerumani waliosubiri hawakufika hata theluthi. Na Wanso walikaa kimya, wengine wakasinzia kabisa kwenye kiti, wakati wa Ujerumani wanajipindapinda wanaimba wanageuka huku na huku. Wanso mtoto anafundishwa utulivu na heshima kwa mkubwa tangu akiwa mchanga, na shambani ana kazi yake.

Kumfundisha inawezekana, tena bure. Mchezeshe simama-kaa, wewe unasema kaa huku unasimama, afuate neno asifuate mwili, utaona anavyojikamata katikati. Wakimaliza wafundishe mdako, jiwe liko juu hewani na mkono uko shimoni unahesabu utoe mangapi urudishe mangapi, hapo ukonda wote uko kazini. Na Jumamosi hii wapeleke Coco.

*Eti shangazi ni kweli tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo, na ukitumia zote unakuwa jiniasi? – Denti wa Ilala*

Hapana. Ubongo wako una uzito wa kama kilo 1 na robo tatu hivi, hapana, nimezidisha, kilo 1.3 au 1.4, yaani asilimia mbili ya mwili, na unakula karibu asilimia 20 ya nishati yako hata ukiwa umelala. Mwili usingelisha kitu cha gharama hiyo asilimia tisini kikiwa kimekaa bure. Soma mwanangu, mtihani unakuja.

*Shangazi shikamoo, naandika kwa uchungu. Kaka yangu alikuwa bodaboda, mpole, mwenye mpango, sisi wote tulisoma kwa hela yake. Mwaka jana alipata ajali bila helmeti akaumia paji la uso, akalazwa, akapona, anatembea, anaongea, anakumbuka kila kitu. Ila sio yeye. Anatukana mbele ya mama, hela akipata jioni imeisha, anaanza jambo analiacha, analia anacheka. Wifi amerudi kwao. Majirani wanasema amechezewa, kuna mganga Mlingotini wanatushauri tumpeleke. – Mdogo Mtu, Gongo la Mboto*

Marahaba mdogo wangu, pole sana, na pole kwa mama.

Hicho unachokieleza kina historia ndefu. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, jimbo la Vermont, Marekani, kulikuwa na kijana wa miaka 25 anaitwa Phineas Gage, msimamizi wa mafundi wa reli, anashindilia baruti kwenye mwamba kwa mtaimbo wa zaidi ya mita moja, kilo kama 6. Cheche ikaruka. Mtaimbo ukapita chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini ukaenda kuanguka mbali. Hakufa. Dakika chache baadaye anaongea, akapandishwa mkokoteni ameketi mwenyewe. Daktari wake, John Martyn Harlow, ndiye aliyeandika yaliyofuata: mtu aliyekuwa mtulivu, mwenye hesabu zake, akawa wa matusi, hana subira, anapanga mipango mingi anaiacha kabla haijaanza, mpaka rafiki zake wakasema huyu sio Gage tena. Waajiri wake hawakumrudisha kazini. Kutembea yuko vizuri, kuongea vizuri, kumbukumbu ipo.

Unaona? Kaka yako hajachezewa na hajaamua kuwa mbaya. Pale palipoumia ndipo panapokaa breki. Na ndo maana watu hawaelewi, angekuwa amevunjika mguu majirani wangemletea fimbo ya kutembelea, huyu kavunjika sehemu isiyoonekana wanamletea maneno.

Mrudisheni hospitali. Anzeni pale alipotibiwa, muombe rufaa kwa wataalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu, kwa hapa Dar ni MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, mkieleza TABIA, sio maumivu, maana mkisema kichwa hakiumi mtapewa panadoli mtarudishwa nyumbani. Mseme: kabla ya ajali alikuwa hivi, baada ya ajali yuko hivi. Aende mtu anayemjua vizuri, mwenyewe anaweza kumwambia daktari niko fresh kabisa, na anaamini hivyo. Nyumbani mpeni kazi moja kwa wakati, saa zile zile kila siku, hela isikae mkononi mwake yote, na akianza kutukana msibishane naye, mtoeni nje kidogo kelele zipungue. Pikipiki bado kabisa, mpaka daktari aseme.

Na nikwambie kipande cha Gage ambacho wengi hawakisimulii: mwaka 1852 alikwenda Chile, akafanya kazi miaka kadhaa ya kuendesha magari ya farasi ya abiria, farasi wengi, njia mbaya, ratiba ile ile kila siku. Wapo watafiti wanaoamini ratiba ile ndo ilimrudisha kiasi kwenye utu wake. Alifariki 1860 kwa degedege, kwa hiyo kaka yako akianguka au kukakamaa hata mara moja, hospitali siku hiyo hiyo. Wifi naye mpigieni, mwelezeni haya, hajui.

*Mambo vipi aunt. Mimi ni mtu wa mikeka ya kubeti. Mshahara ukiingia tarehe 25, tarehe 2 nina nauli tu. Najiambia mwezi huu nitakuwa na moyo mgumu, nakaza wiki moja, ikifika Jumamosi jioni mechi zinaanza nashindwa. Juzi mkeka wa timu nane umechanwa na timu moja dakika ya 90. Nina degree aunt, sio mjinga. Nawezaje kuongeza nguvu ya kujizuia? – Mzee wa Odds, Sinza*

Poa mwanangu. Degree nimeiona, tumeshajibu huko juu kwa Mama Kipanga.

Unauliza swali la kukaza. Ujerumani waliwapa watu wazima 205 vifaa vya kulia wakati wowote wa mchana, kikilia unaandika sasa hivi unatamani nini na unapambana nacho kiasi gani. Matokeo yakachapishwa 2012. Wale wenye kujizuia sana hawakuwa wanapambana sana. Walikuwa wanapambana KIDOGO kuliko wengine! Tamaa zenyewe zinawakuta mara chache, maisha yao wameyapanga wasipite karibu nazo. Wewe Jumamosi jioni unakaa kwenye kibanda umiza, simu mkononi ina hela na apu ya kubeti, washkaji kila mmoja na mkeka wake, halafu unauita hapo moyo mgumu.

Na ile dakika ya 90 isikudanganye ulikuwa karibu. Imepimwa kwenye mashine za kupiga picha ubongo, kukosa kidogo kunaamsha sehemu zile zile zinazoamka mtu anaposhinda kweli, ndo maana mkeka wa kuchanwa na timu moja unauma kitamu, unabeti tena. Ungekosa timu zote nane ungeenda kulala.

Kuna waliowahi kusema nguvu ya kujizuia ni kama betri, ukiitumia asubuhi jioni imeisha, jaribio la 1998 la watu kunyimwa biskuti za chokoleti wakala figili, likavuma sana. Mwaka 2016 maabara 23 zikarudia jaribio la aina hiyo na watu zaidi ya 2,000, hawakuona kitu cha maana. Kwa hiyo usisubiri betri ijae.

Sisi hapa dawa tulikuwa nayo kabla ya maabara. Mchezo, huu wa kupeana hela kwa zamu. Unajiunga na watu kumi wa kazini, hela inatoka tarehe 25 ile ile, usipotoa unatafutwa mpaka nyumbani, huna cha kukaza hapo, aibu inakaza kwa niaba yako. Jiambie sentensi moja tu, mshahara ukiingia, kabla sijatoka kwenye kiti, natuma ya mchezo na ya kodi. Iwe hivyo hivyo maneno hayo, "ikitokea hiki nafanya hiki", mpango wa namna hiyo unashika kuliko kusema tu nitajitahidi. Apu ifute, Jumamosi jioni nenda kaangalie mpira kwa mtu asiyebeti, hata kama ni kwa baba mkwe. Na kama umeshaanza kukopa kausha damu kwa ajili ya mikeka basi haya yangu hayatoshi, nenda kaonwe na mshauri wa masuala ya akili hospitalini, uraibu wa kamari ni ugonjwa.

Mimi pia usinione. Nilinunua kibubu Keko, cha mbao, misumari pande zote, tundu la kupitisha noti tu. Mwezi wa pili nikagundua ukiingiza njiti ya fagio yenye bazoka iliyotafunwa nchani, ukageuza kibubu kichwa chini ukatikisa taratibu, noti ya buku tano inakuja yenyewe. Nilikuwa fundi kabisa, nafanya jikoni mlango umefungwa, kimeisha kitupu na hakina hata mkwaruzo. Cha sasa kiko kwa dada yangu Kigamboni. Nikitaka kukichokonoa lazima nipange foleni ya pantoni, nisimame juani na mapapasi na baiskeli za samaki, na nikifika aanze kuniuliza kilichonileta katikati ya wiki. Tangu Januari sijavuka.